Mstari ulisema Mafia, maji yakaja Kilwa

Ijumaa ya Mei 3, 2024, jioni, mjomba wangu alinipigia simu kutoka Kilwa Masoko. Ana mashua, na bahari ameijua kabla sijazaliwa. Lakini siku ile alitaka kusikia kutoka kwangu.

"Mjomba, wewe ndiye mwenye kompyuta. Hiki kimbunga kinapita wapi?"

Nikaifungua ile picha iliyokuwa ikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu asubuhi. Bahari ya buluu, mstari mweusi unaotoka mashariki, na umbo jeupe lililoanza jembamba likapanuka kama mdomo wa tarumbeta. Mstari uligota Mafia. Nikamjibu, nimekaa zangu kwenye kiti Dar es Salaam: "Mafia, mjomba. Nyinyi mko pembeni."

Mstari haukukosea. Kimbunga hicho, Hidaya, kiliingia Mafia kesho yake. Niliyekosea ni mimi, kwa sababu nilisoma picha ile kama ramani ya basi: likipita kituo kingine, halikuhusu. Kilwa iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Mafia, na huko ndiko mvua ilikopiga vibaya, nyumba zikaingia maji, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani. Mashua ya mjomba ilinusurika kwa kuwa hakunisikiliza. Aliitazama bahari alfajiri, hakuipenda, akawaita vijana wakaivuta juu.

Tangu hapo nina ugomvi na mstari ule. Unaonyesha njia ya katikati ya kimbunga tu, lile jicho lake. Na lile tarumbeta si ukubwa wa kimbunga, ingawa kila niliyemuuliza anadhani hivyo. Ni wasiwasi wa watabiri. Kadiri siku zinavyokwenda mbele ndivyo wanavyozidi kutokuwa na hakika jicho litakuwa wapi, na ndiyo maana umbo linapanuka. Mvua na upepo vinaweza kumpiga mtu aliye nje kabisa ya weupe ule. Marekani wameumizwa na kosa hilohilo: mwaka 2004 watu wa Florida waliukazia macho mstari mwembamba wa kimbunga Charley uliokuwa ukielekea Tampa, nacho kikakata kona na kuingia kusini zaidi, wakati wao walikuwa ndani ya tarumbeta muda wote.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo picha ile haisemi kabisa. Huku kizio cha kusini, kimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki kuelekea magharibi, kama Hidaya, upande wake wa kaskazini upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Upande wa kusini ni kinyume: upepo unatoka baharini, unaisukuma bahari juu ya nchi, na mwendo wa kimbunga chenyewe unauongezea nguvu. Kwa hiyo aliye kusini mwa mstari na aliye kaskazini, hata wakiwa umbali sawa, hawako katika hatari sawa. Mjomba alikuwa kusini. Laiti picha ingepakwa rangi nzito upande mmoja tu, hata mimi ningeelewa.

Haki isemwe: Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, walitoa tahadhari siku kadhaa kabla, na Lindi na Mtwara zilitajwa kwa majina. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Maneno yalikuwepo. Tatizo ni kwamba picha hukimbia kuliko maneno. Taarifa ya kurasa mbili haifiki kisiwani Songosongo ikiwa nzima, picha inafika, tena imekatwa pembeni na saa zake ni za Greenwich. Nani kijijini anatoa saa tatu kichwani apate saa za Kiswahili na upepo unavuma?

Kisha kuna maji. Hidaya kilikuja siku chache baada ya mwezi kufikia robo ya mwisho, bado ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, au ndiyo yanatoka. Mwezi mpya ulikuwa Mei 8. Kingechelewa siku tano tu kingekutana na bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya, na pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Juu ya maji hayo ongeza yanayosukumwa na upepo. Mvuvi yeyote ukimwambia "kimbunga, bamvua, maji yanajaa saa kumi usiku" hahitaji umpigie hesabu. Ukimwambia upepo wa kilomita 120 kwa saa atakuuliza kwani hiyo ni gari?

Watu wengine walishalitatua hili bila hata intaneti. Bangladesh, baada ya kimbunga cha Novemba 1970 kilichoua mamia ya maelfu, walianzisha mpango wa watu wa kujitolea vijijini, na mpaka leo wanapandisha bendera: moja, mbili, tatu, kadiri hatari inavyokaribia. Hiyo nayo ni data iliyochorwa. Iko juu ya mlingoti, haiishiwi bando.

Najua kuna watakaonikumbusha kimbunga Jobo. Aprili 2021 tuliambiwa kinakuja Dar es Salaam, kikafia baharini, na vichekesho vikajaa mitandaoni. Mimi nilicheka pia. Lakini picha yenye mstari mmoja ndiyo inayoandaa kicheko hicho, kwa kuwa inaahidi jambo moja. Ingechorwa mistari kumi, mingine ikifika na mingine ikififia njiani, nisingekuwa na cha kucheka.

Basi mwezi uliopita nilikaa nikaichora upya ramani ya Hidaya, kwa ajili ya grupu la ukoo tu. Hakuna mstari wa katikati. Kusini nimepaka rangi ya kiza, kaskazini nyepesi. Saa ni za Kiswahili. Chini nimeweka saa za maji kujaa na kupwa Kilwa kwa siku tatu, na mwezi wake. Nikaipeleka kwa mjomba, nikasubiri sifa.

Alinijibu kwa sauti, nyuma yake nasikia vijana wakigonga mbao.

"Hii sasa naisoma, mjomba. Lakini mimi mashua nitaivuta. Mama yako mdogo ana mgonjwa wa kupelekwa hospitali Dar. Mbona daraja la Somanga halimo?"

Halikuwemo.