Mlango wa Chepstow na mlango wa bibi

Jumapili nilikaripiwa na kijana anayelingana na mwanangu. "Usiguse, tafadhali." Nikaurudisha mkono mfukoni kama mtoto wa chuoni aliyeona bakora.

Tulikuwa Chepstow, Wales, kwenye ngome iliyokaa juu ya jabali, chini yake mto Wye unapwa na kujaa kama bahari ya kwetu. Ukipwa, tope tupu. Ngome ilianzwa 1067 na William FitzOsbern, mwaka mmoja tu baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuivamia Uingereza. Lakini mimi nilikwama mlangoni. Mbao nene, nje zimevikwa mabamba ya chuma. Wataalamu wamehesabu pete za mti ndani ya mbao wakasema mlango huo ulitengenezwa si baada ya miaka ya 1190. Ulibaki langoni hadi 1962, ndipo wakauhifadhi ndani.

Na hauna nakshi hata moja! Hauna yungiyungi, hauna mnyororo, hauna njumu, wala aya juu ya kizingiti. Wa bibi yangu pale Mji Mkongwe, mfaa wake, ule ubao wa katikati, peke yake ungewatoa hawa jasho. Wa bibi uko wapi? Ami zangu waliuuza kwa dalali, arubaini yake haijapoa.

Najua mtakavyosema. Kaenda Ulaya keshajiona. Nakshi hailiwi. Nyumba ina warithi kumi na saba, nani amlipe fundi? Haya, yote kweli. Na fungu langu nililipokea, nikanunulia simu, kwa hiyo sijiweki kando. Lakini lile la "Wazungu wana pesa" mniondolee. Ngome yenyewe ni gofu, paa haina, askari wake waliondolewa mwishoni mwa karne ya 17, majani yakaota ukutani. Hata hivyo ule mlango hakuna aliyeung'oa akampelekea mwenye hoteli.

Tena hao Wawelishi ngome ilijengwa kuwatia adabu wao! Leo wanaitunza na kutukatia tiketi. Sisi mlango tulichonga wenyewe, kwa mikono yetu, kwa harusi zetu.

Na msinianzishie habari za Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Unguja. Lilipoporomoka Desemba 2020 nililia hapa hapa jikoni, sufuria ikaungua.

Dada kanitumia picha jana. Pale palipokuwa na mlango wa bibi pana geti la chuma, rangi ya buluu, kufuli la Kichina. Linafunga vizuri, sikatai.