Vifaru Vingapi Vinawaka? Hesabu Inayokosekana Katika Habari za Ulinzi

Kichwa cha habari kinasema ndege za kivita za China "zimeingia anga ya Taiwan", na msomaji anaona ndege zikipita juu ya mapaa ya Taipei. Kwa sheria ya kimataifa, anga ya nchi ni ile iliyo juu ya ardhi yake na juu ya bahari yake hadi maili 12 za baharini kutoka pwani, yaani kama kilomita 22. Taarifa za kila siku za Wizara ya Ulinzi ya Taiwan, zilizoanza kuchapishwa Septemba 2020, kwa kawaida hutaja ndege zilizovuka mstari wa katikati wa mlango-bahari unaotenganisha Taiwan na China bara au kuingia katika eneo la utambuzi wa anga. Eneo hilo ni pana zaidi, na nchi hujichorea yenyewe ili ndege zinazokaribia zijitambulishe mapema. Hakuna mkataba unaolipatia hadhi ya anga ya taifa. Marekani ilichora la kwake mwaka 1950, China ikatangaza la Bahari ya China Mashariki Novemba 2013, na la Taiwan, ukilitazama kwenye ramani, linafunika hata sehemu ya China bara.

Safari hizo za ndege zina uzito wake. Zinawachosha marubani wa upande wa pili, zinamaliza saa za injini, zinawazoesha walinzi wa rada kuziona. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na ndiyo inayopotea pale kichwa cha habari kinapogeuza shinikizo la miaka kuwa uvamizi wa leo asubuhi.

Kwa maoni yangu, kasoro kubwa ya habari za usalama wa kikanda ni ya hesabu. Tukio linahesabiwa bila kutajwa kawaida yake, na silaha zinahesabiwa bila kutajwa ngapi zinafanya kazi. Kosa la kwanza huzaa hofu, la pili huzaa majigambo, na wananchi wanaotakiwa kuamua juu ya bajeti na vita wanabaki wakiyumba kati ya hayo mawili.

Chukua meli tano za kivita zilizoonekana karibu na mpaka wa bahari. Mwezi uliopita zilikuwa ngapi? Msimu kama huu mwaka jana? Mwandishi aliyeweka wastani wa siku 30 na wa miezi 12 katika aya ya pili amemsaidia msomaji kuliko aliyeleta wachambuzi watatu. Nasema aya ya pili kwa makusudi, kwa sababu aya ya tisa haisomwi kwenye simu. Tena meli ya kivita kupita tu katika ukanda wa kiuchumi wa bahari, unaofika maili 200, si uvamizi wa mipaka, na hata ndani ya zile maili 12 sheria ya bahari ya mwaka 1982 inaruhusu kupita bila madhara.

Luteka, yaani mazoezi ya kijeshi, nazo huandikwa kana kwamba zimezuka usiku. Luteka kubwa hupangwa mwaka mzima au zaidi. Makubaliano ya Vienna ya 2011 yanataka nchi za Ulaya zilizoyaridhia zitoe taarifa siku 42 kabla ikiwa askari watafika 9,000. Hata pasipo na makubaliano kama hayo, jeshi linalotaka kurusha makombora kwa kawaida hutoa tangazo kwa marubani na kwa mabaharia, nalo husomwa na yeyote. Muungano wa kijeshi wa NATO ulipotangaza luteka ya Steadfast Defender 2024 yenye askari wapatao 90,000, vyombo vingi viliandika kama vile wote watasimama uwanja mmoja siku moja. Hiyo ilikuwa jumla ya miezi kadhaa, katika nchi nyingi.

Zipo dalili zinazostahili kumtia mhariri wasiwasi, lakini hazivutii kamera: hospitali za uwanjani, akiba ya damu, madaraja ya kuvukia mito, matangi ya mafuta, likizo zilizofutwa, askari wa akiba walioitwa. Mwishoni mwa Januari 2022 iliripotiwa kwamba Urusi imesogeza akiba ya damu karibu na mpaka wa Ukraine. Damu haikai muda mrefu, na luteka ya kawaida haiihitaji kwa wingi. Habari hiyo fupi ilikuwa na maana kuliko picha nyingi za vifaru juu ya mabehewa.

Kisha kuna vyanzo. Tarehe 15 Novemba 2022 kombora liliua watu wawili katika kijiji cha Przewodów, Poland, karibu na mpaka wa Ukraine. Shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba makombora ya Urusi yamevuka mpaka, kwa kumtegemea afisa mmoja wa ujasusi wa Marekani ambaye hakutajwa jina. Dunia nzima ikaanza kuzungumza juu ya Kifungu cha 5 cha NATO, kinachohesabu shambulio dhidi ya mwanachama mmoja kuwa dhidi ya wote. Siku iliyofuata viongozi wa Poland na wa NATO walisema inaelekea lilikuwa kombora la kujihami la Ukraine lenyewe, na shirika likairekebisha habari yake. Chanzo kimoja kisicho na jina kinatosha kumfanya mwandishi apige simu nyingine. Hakitoshi kwa kichwa cha habari kinachoweza kusukuma nchi kuelekea vita.

Hata Kifungu cha 5 chenyewe kilielezwa vibaya. Wengi walikiita kengele ya vita. Kinachosema ni kwamba kila mwanachama atachukua hatua anayoona ni ya lazima, ikiwamo nguvu za kijeshi. Kimetumika mara moja tu, baada ya 11 Septemba 2001. Kifungu cha 4, ambacho Poland ilikitumia Septemba 2025 baada ya ndege zisizo na rubani za Urusi kuingia katika anga yake, ni cha kuitana na kushauriana. Kuvichanganya viwili hivyo ni kumwambia msomaji kwamba risasi zimeanza wakati mabalozi ndio kwanza wanavuta viti.

Na pale risasi zinapoanza kweli, uongo huenda mbio zaidi. Mei 2025, India na Pakistan ziliposhambuliana kwa siku nne, baadhi ya vituo vya televisheni vya India vilitangaza kwamba bandari ya Karachi imepigwa. Haikupigwa. Video za mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 zimerushwa mara nyingi kama mapigano halisi, hadi watengenezaji wake wakatoa maelezo ya kuwasaidia watu kuzitambua. Ukaguzi wa kwanza ni wa dakika chache. Kata picha tatu kwenye video, mwanzo, katikati na mwisho, uzipitishe kwenye mtambo wa kutafuta picha. Linganisha milima na minara na picha za setilaiti. Sikiliza kama mlio unachelewa nyuma ya mwako, maana sauti husafiri takriban kilomita moja kwa sekunde tatu. Video isiyopita hapo isubiri, hata chombo kingine kikiirusha.

Katika ukanda wa Maziwa Makuu tatizo huja kwa sura nyingine: sentensi isiyo na mtendaji. "Mapigano yamezuka." "Mji umeanguka." Waasi wa M23 walipoingia mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, msomaji alihitaji kuambiwa kwamba wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya Julai 2024, walikadiria kuwa askari 3,000 hadi 4,000 wa Rwanda wapo mashariki mwa Kongo pamoja na waasi hao, na kwamba Rwanda inakanusha kuwaunga mkono, ikisema inajilinda dhidi ya FDLR, kundi la waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Mambo hayo mawili yanaenea katika sentensi moja. Kuandika "waasi" peke yake ni kuficha. Kuandika "uvamizi" bila kutaja nani amesema na kwa ushahidi gani ni kumpa mpinzani nafasi ya kukataa kila kitu.

Lakini hesabu inaharibika zaidi kwenye utayari wa ulinzi. Nchi ikinunua vifaru 100, habari ni vifaru 100. Fundi wa kikosi ana maswali mengine: vingapi vinawaka leo, vina wahudumu waliofuzu wangapi, na vina risasi za siku ngapi? Kifaru chenye mtambo wa kujipakia risasi kinataka watu watatu, kisicho nao wanne. Kwa hiyo vifaru 100 ni watu 300 hadi 400 kabla hujahesabu mafundi, magari ya kuvuta vilivyoharibika, na wa kuziba nafasi za wagonjwa na waliouawa.

Desemba 2022 Ujerumani ilifanya zoezi na magari 18 ya deraya aina ya Puma, ikijiandaa kuyapeleka katika kikosi cha NATO cha kuitika haraka. Yote 18 yalipata hitilafu, na magari ya zamani aina ya Marder yakachukua nafasi yao. Kwenye karatasi Ujerumani ilikuwa na kikosi kamili. Marekani nayo, yenye bajeti kubwa kuliko zote, iliambiwa na ofisi yake ya ukaguzi mwaka 2023 kwamba Machi mwaka huo ni kama asilimia 55 tu ya ndege zake za kivita za F-35 zilizokuwa tayari kwa kazi, hasa kwa uhaba wa vipuri na karakana. Wanamaji wengi hupiga hesabu ya theluthi: kati ya meli tatu, moja ipo baharini, moja inafunza mabaharia, moja ipo matengenezoni. Majedwali yanayopanga majeshi ya dunia kwa idadi ya silaha hayaonyeshi hata kimoja kati ya hivyo, lakini vyombo vya habari huyanakili kama msimamo wa ligi.

Risasi ndizo zilizosahaulika kuliko vyote. Februari 2023 katibu mkuu wa NATO alisema muda wa kusubiri risasi kubwa umepanda kutoka miezi 12 hadi 28. Mwezi uliofuata Umoja wa Ulaya uliahidi kuipa Ukraine makombora ya mizinga milioni moja ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha, karibu nusu ndiyo iliyofika. Ahadi ilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza. Viwanda, baruti na mafundi, ambavyo ndivyo vilivyokwamisha, viliachiwa kurasa za biashara.

Fedha nazo zina mitego yake. Bajeti ya ulinzi ikipanda asilimia 10 huku mfumuko wa bei ukiwa 8, ongezeko halisi halifiki asilimia 2. Silaha zikinunuliwa kwa dola, na sarafu ya nchi imeshuka asilimia 12 dhidi ya dola, bajeti "iliyopanda" inanunua silaha chache kuliko mwaka jana. Asilimia 5 ya pato la taifa waliyokubaliana wanachama wa NATO kuifikia ifikapo 2035 ina 3.5 za ulinzi wenyewe na 1.5 za mambo kama barabara, madaraja na mitandao, na hesabu ya NATO inajumuisha hata pensheni za wanajeshi.

Novemba 2024 Sweden ilianza kupeleka kijitabu cha tahadhari katika nyumba zaidi ya milioni tano. Nje ya nchi hiyo kiliandikwa kama ishara ya vita vilivyo mlangoni. Kijitabu cha aina hiyo kilitolewa kwanza mwaka 1943, kikaandikwa upya 2018, na sehemu yake kubwa ni maji, chakula, joto na redio ya betri za kumwezesha mtu kujitegemea kwa wiki moja, hata kama tatizo ni dhoruba. Nchi inayowafundisha watu wake kuweka akiba inapaswa kuigwa, na kuifanya sinema ya hofu kunawafanya viongozi wengine waogope kuwaambia wananchi wao jambo hilohilo.

Wakuu wa majeshi hujibu kwamba maswali ya utayari ni siri. Siri ina mahali pake. Mwaka 1982, katika vita vya Uingereza na Argentina juu ya visiwa vya Falkland, BBC ilitangaza kwamba askari wa miavuli wa Uingereza wanakaribia kijiji cha Goose Green kabla hawajashambulia, na hilo halikupaswa kusikika hewani. Kikosi kiko wapi usiku huu, kitaondoka saa ngapi: hayo yaachwe. Lakini asilimia ya magari yanayofanya kazi katika jeshi zima, miezi ya kusubiri vipuri, na nafasi za mafundi zilizo wazi ni mambo ambayo wakaguzi wa Marekani huyachapisha na jeshi lao halijaporomoka. Mwandishi anayeripoti bajeti ya ulinzi ayaulize hayo matatu kamatini, kwa maandishi, pamoja na takwimu za mwaka uliotangulia. Akinyimwa jibu, aandike kwamba aliuliza akanyimwa, na bajeti ijayo aulize tena kwa maneno yaleyale ili majibu yaweze kulinganishwa.