Siku Niliyojigeuza Fisi kwenye Grupu la Ukoo

Kosa langu lilikuwa la kidole. Naanza na hilo kwa sababu ukooni kwetu wapo ambao mpaka leo wanasema lilikuwa la moyo.

Ninaishi St. Paul, Minnesota, mji ambao baridi yake ya Januari haina adabu kwa mtu mzima. Wengine wakifungiwa ndani na theluji hunywa. Sisi tuko wanne, na kila Jumamosi usiku tunacheza Dungeons & Dragons, tena kwa Kiswahili. Anayeendesha mchezo ni kijana wa Mombasa tunayemwita Nahodha. Vijiji, misitu, maadui na mvua yote hutoka mdomoni mwake. Kuna Mkongo wa Bukavu, askari mwenye upanga mrefu kuliko subira yake. Kuna muuguzi wa Nakuru: mchana anaokoa watu, usiku ni mwizi. Na mimi, mtoto wa Shinyanga, ni druidi, yaani mganga wa porini.

Kwa asiyeujua, mchezo huu hauna skrini. Unasema mhusika wako anataka kufanya nini, unarusha dadu ya pande 20, kisha Nahodha anakwambia kama umefaulu au umeaibika.

Nilipochagua druidi walinicheka sana. Kwa kanuni za mwaka 2014, ambazo ndizo tunachezea, druidi havai deraya ya chuma, ni mwiko. Anaongea na kindi. Mwenzake mchawi akipanda cheo anarusha mpira wa moto unaochoma chumba kizima, druidi anaanza na vitunda. Ni uganga wa ngazi ya kwanza kabisa: unapata vitunda kumi, na kila kimoja kinamrudishia mtu pointi moja ya uhai na kumshibisha siku nzima.

"Pointi moja?" Mkongo aliuliza, chai ikimtoka puani. "Unaleta maua mu vita?"

Wiki ya pili alikuwa chini, uhai sifuri, amebakiza kosa moja la dadu tumzike. Nikamtia kitunda kimoja mdomoni. Pointi moja ikamwingia, akasimama, akaua jitu. Tangu siku hiyo hatupandi hata ngazi kabla hajauliza, "Mganga, zile dawa ziko?"

Lakini uganga nilioupenda kuliko wote ni ule wa kupasha chuma moto. Unachagua kitu cha chuma, mathalani deraya aliyovaa adui, kinaiva kama kikaango. Hakwepi. Hana dadu ya kujiokoa na maumivu hayo. Na deraya nzima ya mabamba, kwa kanuni za mchezo, huvuliwa kwa dakika tano, wakati uganga wangu unadumu dakika moja. Hebu pigeni hesabu wenyewe. Utamu zaidi ni kwamba nikishaanza kuipasha, naweza kujigeuza mnyama na chuma kikaendelea kuchomeka huku mimi nang'ata.

Hapo kwenye mnyama tuligombana. Kanuni zetu hizo za 2014 zinasema druidi hujigeuza mnyama ambaye amewahi kumwona. Nikasema fisi, tena yule mkubwa.

"Wewe umekulia msitu wa baridi," Nahodha akasema. "Huyo fisi umemuona wapi?"

"Nimezaliwa Shinyanga."

"Si wewe! Huyo mtu wako!"

Tulibishana nusu saa. Muuguzi akaamua kwamba mhusika wangu aliwahi kupita kwenye maonyesho ya wanyama akiwa mdogo. Haki ikatendeka.

Adui yetu mkubwa alikuwa bwana mmoja wa ngome anayewanyang'anya wanakijiji mashamba. Jina alilopewa na Nahodha lilikuwa refu na limejaa herufi za kikohozi, kwa hiyo tukaamua kumwita Baba Mkubwa. Sikufikiria mara mbili. Leo ningefikiria mara tisa.

Usiku huo tulimaliza saa nane. Mimi ndiye katibu, na kazi ya katibu ni kutuma muhtasari kwa sauti kwenye grupu letu linaloitwa "Ukoo wa Mwaloni", yaani ule mti mkubwa wa kwenye Biblia, si Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza. Juu yake kidogo kwenye simu yangu kuna grupu lingine. Linaitwa "Ukoo".

Nikarekodi huku macho yamefumba nusu. Nanukuu neno kwa neno, kwa sababu nimeshasomewa mara nyingi:

"Jamani, nimefika salama. Leo nimejigeuza fisi mara mbili. Mara ya kwanza nimepita katikati ya walinzi, hakuna aliyesikia hata unyayo. Mara ya pili ndiyo nimemfuata Baba Mkubwa. Nimeanza na kile chuma chake, nimekipasha moto, amelia kweli kweli, na si mnajua hawezi kukivua. Halafu nimemng'ata mguu. Hajafa, amekimbilia ndani. Jumamosi tunammaliza, mashamba ya watu yarudi. Vitunda nilitengeneza kumi, mmekula vinne, mwenye upungufu wa damu aje kwangu. Na kuku safari hii aletwe mzima, sitaki tena mambo ya vipande."

Nikatuma. Nikaweka simu kwenye chaji. Nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda vita.

Saa nane ya usiku Minnesota ni saa tano ya asubuhi Shinyanga. Ilikuwa Jumapili. Watu walikuwa ndiyo wanatoka kanisani.

Sasa kuna jambo ambalo wenzangu wa mezani hawakulijua na mimi nilikuwa nimelisahau. Baba Mkubwa wangu, yule wa kweli, kaka wa marehemu baba, mwaka juzi aligongwa na bodaboda akawekewa chuma pajani. Wiki hiyo alikuwa analalamika kwamba paja linamwaka moto. Halafu kuna suala la shamba. Mpaka wetu na wake ni ua wa minyaa, na minyaa ile, kwa miujiza ambayo sitaki kuieleza, ilikuwa imetembea hatua tatu kuingia upande wetu tangu baba afariki.

Niliamka saa nne. Ujumbe 187. Simu 23 za Mama ambazo hazikupokelewa. Nikaanza kusoma toka juu. Binamu yangu ndiye wa kwanza: "Kaka, hili ni grupu la ukoo." Shangazi: "Damu ya Yesu." Mjomba, ambaye hujibu kila kitu kwa picha za maua ya "asubuhi njema", safari hii hakuweka ua. Kisha Baba Mkubwa mwenyewe, neno moja tu:

"Kumbe."

Chini yake, maandishi madogo ya kijivu: ameondoka kwenye grupu. Chini yake tena: Mjomba amemwongeza. Mjomba ni mtu wa vikao.

Nikajaribu kufuta sauti ile, lakini kufuta kulikuwa hakusaidii. Mtu niliyesoma naye msingi, yuko Kahama, alinitumia hiyo hiyo, ina alama ya kusambazwa mara nyingi, na swali: "Huyu si wewe?"

Nikampigia Mama.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Uko katika umbo gani?"

Sikucheka, na yeye hakuwa anatania. Kwetu neno fisi na neno usiku vikikaa kwenye sentensi moja watu huacha kula. Bibi wamewahi kuuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa jikoni. Kwa hiyo nikaeleza kwa heshima zote, taratibu, kwamba ni mchezo. Mchezo wa mezani. Ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1974, na mmoja wa waliouanzisha, Dave Arneson, alikuwa akiucheza na rafiki zake hapa hapa Minnesota.

"Kwa hiyo hapo ulipo ndipo makao makuu."

"Hapana Mama. Ni mchezo. Druidi ni mhusika tu."

"Druidi ndiyo nini?"

Hapa ndipo nilipojimaliza. Mtu mwenye akili angesema ni bwana shamba. Mimi nilisoma, kwa hiyo nikasema ukweli: walikuwa makuhani wa zamani kule Ufaransa na Uingereza, kabla ya Ukristo. Mrumi mmoja, Plinio, aliandika kwamba walivaa nguo nyeupe, wakapanda mwaloni, wakakata mmea unaoota juu yake kwa mundu wa dhahabu, kisha wakachinja fahali wawili weupe.

"Weupe?"

"Weupe."

Mama akanyamaza muda mrefu. Nilisikia jogoo wa jirani.

"Na baada ya hapo mnakula kuku," akasema. "Mzima."

Niliomba Nahodha aingie kwenye simu anitetee. Akamsalimia Mama kwa adabu zote za pwani, akamhakikishia kwamba mimi ni kijana mwema na kwamba, wallahi, yeye ndiye anayeniruhusu kila ninapotaka kugeuka. Namshukuru kwa nia yake.

Nilitegemea jioni ile nitaombewa. Niliombewa, ndiyo, Shangazi aliongoza sala kwa sauti ya dakika kumi na moja kwenye grupu. Lakini ilipofika usiku wa kwao zikaanza kuingia jumbe nyingine, za pembeni. Mama Mdogo, mwenye watoto sita: "Mwanangu, hivyo vitunda vya kushiba siku nzima, vinapatikanaje?" Binamu alitaka kujua kama ule uganga wa kutosikika unyayo unafaa kwa mtu anayechelewa kurudi nyumbani. Hata Shangazi mwenyewe, sala haijapoa, aliniandikia kuhusu mwanamke mmoja wa kikundi chao cha kukopeshana aliyekopa laki nne akahama mtaa. Hakuomba ang'atwe. Aliuliza tu kama inawezekana fisi akaonekana pale uani kwake, amesimama.

Nikamsomea Mkongo. Yule aliyesema naleta maua vitani akatikisa kichwa. "Unaona?" akasema. "Wazee wameelewa haraka kuliko sisi."

Siku ya Jumatano Mama akapiga simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kwa nyuma nasikia majembe.

"Baba yako mkubwa yuko hapa shambani na vijana wawili," akasema. "Wanang'oa minyaa. Wanairudisha ilipokuwa. Amesema aliona mwenyewe kwamba ilipinda kidogo."

"Mama, naomba nimpigie nimweleze kuwa ni mchezo."

"Utamweleza."

"Sasa hivi?"

"Bado hatua moja," Mama akasema. "Ngoja kwanza wamalize."