Nani Kamtwika Mama Mikoko?

Julai 26 iliyopita, Siku ya Mikoko Duniani, nilisimama kando ya kijito cha Tudor, hapa Mombasa, nikitazama upanzi wa miche ya mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa. Akina mama walikuwa topeni, leso zimefungwa viunoni, wamezama hadi magotini. Wageni waheshimiwa tulikuwa pakavu, chini ya hema. Mmoja wetu akashika kipaza sauti akasema mwanamke ndiye mama wa mazingira kwa maumbile yake. Makofi yakapigwa. Mimi sikupiga, na tangu siku hiyo kauli ile haijanitoka, maana nusu yake naiamini na nusu yake naiona ni mzigo mwingine kichwani mwa mtu aliyekwisha kulemewa.

Kauli hiyo ina ukoo. Mwaka 1974 Mfaransa Françoise d'Eaubonne alilipa jina wazo tunaloweza kuliita ufeministi wa kiikolojia: kwamba nguvu inayomkandamiza mwanamke na ile inayoipora ardhi ni nguvu moja. Mwaka huohuo, katika kijiji cha Reni kaskazini mwa India, Gaura Devi na wanawake wenzake walisimama baina ya wakata miti na msitu, siku ambayo wanaume wao walikuwa wameitwa mjini kufuata fidia. Baadaye Vandana Shiva, mwanaharakati wa mazingira wa hukohuko India, alishikilia kwamba anayelima, anayeteka maji na kuokota kuni ndiye wa kwanza kujua msitu unapokufa, na kwamba ujuzi huo umedharauliwa kwa sababu tu ni wa wanawake.

Aishiye Mombasa hana haja ya kwenda India kuelewa. Nenda Owino Uhuru, upande wa Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga sumu ya madini ya risasi katika mtaa ule. Phyllis Omido aliajiriwa humo mwaka 2009, na haukupita muda mtoto wake mchanga akaugua. Vipimo vilionyesha risasi mwilini mwa mtoto, na mama akaambiwa imepita katika maziwa yake. Maziwa ya mama! Kitu ambacho kila mzazi hukiona salama kuliko vyote. Omido alipigania mtaa ule mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaifuta mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Anayesema uchafuzi hauna habari na jinsia ya mtu, na aanze kwa kuyaeleza maziwa yale.

Lakini kisa hichohicho kinasema na jingine. Wanaume waliofanya kazi mle walivuta moshi uleule, na baba zao na watoto wao walikunywa maji ya mtaa mmoja. Kesi yenyewe ilisimama juu ya Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010, kinachosema kila mtu ana haki ya mazingira safi. Kila mtu. Hakuna wakili aliyelazimika kuthibitisha kwamba mwanamke ana undugu wa damu na udongo.

Hapo ndipo mchumi Bina Agarwal, Mhindi mwenzake Shiva, alipomkosoa mwaka 1992. Kwake yeye, ukaribu wa wanawake na mazingira hauzaliwi tumboni. Unazaliwa na kazi wanazopewa, mali wanazonyimwa na tabaka waliloko. Bibi tajiri mwenye shamba na mjakazi wake hawauoni msitu kwa jicho moja.

Mimi namkubali Agarwal, na ushahidi wangu ni mtungi wa maji. Mifereji ya mji huu ikikauka, maji ya matumizi ya nyumbani huchotwa na mama au binti, naye halipwi. Mtungi huohuo wa lita 20 ukitiwa bei, hupanda mkokoteni, na anayesukuma mkokoteni ni mwanamume. Maji ni yaleyale, uzito ni uleule. Kilichoingia kati ni pesa. Kama ni maumbile yaliyomtuma mwanamke kisimani, mbona maumbile hayo hukoma maji yanapoanza kuuzwa?

Kisha kuna nyanyangu. Alikuwa mama karanga Likoni, amelea watoto kwa samaki wa kukaanga, na jiko lake lilipenda kuni za mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, kwa sababu moto wake ni mkali na hauishi upesi. Alijua fika kwamba mikoko ikikatwa kaa hupungua na samaki hukosa pa kuzalia. Alizinunua hivyohivyo, kwa kuwa chombo hakikuwa chake, bei ya samaki hakuipanga yeye, na jioni watoto walitaka kula. Nadharia ya mlinzi wa asili haina mahali pa kumweka nyanyangu isipokuwa kizimbani, na mimi sitakubali awekwe huko.

Lugha yetu nayo haijapata kuipa dunia jinsia. Kwa Mfaransa ardhi ni ya kike katika sarufi. Kwetu mkoko unaota, mikoko inaota, basi. Na msikitini tumefundishwa kwamba binadamu ni khalifa juu ya ardhi, mwanamume na mwanamke pia.

Hata hivyo siwafuati wanaosema, basi, tuache kutaja wanawake tuseme "jamii" tu. Najua jamii hugeuka nini siku ya kutia sahihi. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, na sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu vyama vya jamii kuingia mkataba wa kuisimamia. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu 2013, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo mikoko huihifadhi, na pesa zimeleta maji na vitabu vya shule. Kwa hiyo tope lile lina thamani ya fedha sasa, na kama ilivyokuwa kwa mtungi, nahofia thamani ikionekana mkono unaolishika utabadilika.

Wangari Maathai, tangu aanzishe Green Belt Movement mwaka 1977, aliliona hili mapema: wanawake wake walilipwa kitu kidogo kwa kila mche uliopona. Mkono mtupu haulambwi. Hakuwaomba wapande kwa kuwa wao ni mama wa dunia.

Jioni ile ya Tudor, hema lilipokunjwa, nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akiosha miguu yake kwenye ndoo: kitalu cha miche kimeandikwa jina la nani? Akanitazama, akamgeukia mwenzake, naye mwenzake akamgeukia wa tatu. Walikuwa kumi na wawili pale. Hakuna aliyewahi kuuona mkataba.