Mchikichi haupandwi kwenye shamba lenye kesi

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye kikao huku kwetu kusini mwa Burundi, kando ya ziwa Tanganyika, kati ya Rumonge na Nyanza-Lac. Akasimama mgeni mmoja wa mradi akasema wakulima wa huku hawajitumi, wamepewa miche ya michikichi bure kabisa na mingi imekaukia kwenye viriba, hata mashimo hawajachimba. Watu wakanyamaza, na mimi nikanyamaza pamoja nao, na kule kunyamaza kumeniuma mpaka leo ndo maana nimekaa hapa kuandika.

Ile miche haikukauka kwa uvivu jamani. Nawajua wenye hayo mashamba mmoja mmoja. Kuna mama mjane hapa jirani alipewa miche 20 na mingi imemfia, na huyohuyo ndo saa kumi na moja alfajiri ukipita unamkuta keshainama kwenye mihogo na kitoto cha mwanae mgongoni. Mihogo kapanda, maharage kapanda, mahindi kapanda, viazi vitamu viko hadi ukingoni mwa barabara. Kitu pekee alichokataa kukipanda ni mchikichi, na mimi nasema alikuwa na akili zake timamu kabisa.

Mchikichi wa kisasa, hii aina ya chotara inayoitwa tenera wanayoileta sasa, unasubiri miaka 3 mpaka 4 ndo unaanza kuzaa, halafu unakupa mikungu miaka 25 na zaidi. Mti unapanda mita 9 kutoka mwenzake, kwenye hekta moja inaingia 143. Sasa ukichimba shimo la mchikichi unakuwa umetangaza mbele ya kijiji kizima kwamba miaka 25 ijayo hapa ni kwangu. Maharage hayatangazi kitu, miezi mitatu umevuna umeondoka. Mtu ambaye shamba lake lina kesi, au linaweza kupata kesi kesho asubuhi, anapanda maharage. Wewe ungepanda nini?

Kwa wanaosoma wakiwa mbali niwaeleze kidogo maana bila hii habari hamtaelewa kwanini mti tu uwe na maneno mengi hivi. Mwaka 1972 watu waliuawa sana nchi hii na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania, wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Wazazi wangu waliishia Mishamo na mimi nilizaliwa hukohuko. Huku nyuma mashamba yao hayakukaa tupu, serikali zilizofuata zilipanga upya ardhi ya ukanda huu wa ziwa, likaja zao la michikichi, viwanja vikagawiwa wakulima wengine na wengi wao walitoka milimani. Halafu Oktoba 1993 akauawa Rais Ndadaye na vita ikaanza, ikaenda zaidi ya miaka 10, mkataba wa Arusha ukasainiwa Agosti 2000 lakini bunduki zilichelewa kunyamaza. Kuanzia 2002 wakimbizi wakaanza kurudi, zaidi ya laki tano. Wale wa 1972 Tanzania iliwapa nafasi ya kuchagua, wengi kama laki moja na elfu sitini hivi wakaomba uraia wakabaki, na zaidi ya elfu hamsini wakasema tunarudi. Baba alikuwa kwenye hao waliosema tunarudi.

Mishamo familia ilikuwa inapewa hekta 5. Huku familia nyingi zinaishi kwenye nusu hekta na wengine hata hiyo hawana. Nakumbuka watu wakimuuliza baba kwanini unaacha mahindi na tumbaku na pori lote hilo ukagombanie kipande, naye anajibu jambo moja tu, kwamba baba yake kazikwa kule.

Tulifika 2008. Kwenye shamba la babu tukakuta nyumba ya tofali, watoto wanacheza, na michikichi mirefu imesimama kwa mistari. Mzee mwenye ile nyumba alitoka akatusimamia mlangoni, hakututukana wala hakutukaribisha, na mimi kijana wa miaka ishirini na kitu nilimchukia palepale nikajua huyu ndo mwizi wetu. Kirundi changu chenyewe kilikuwa cha kubabaisha, Kiswahili cha Mishamo kimejaa mdomoni, watoto wakacheka. Baba hakuuliza habari ya shamba. Alimwomba amwonyeshe kaburi la babu kama bado linajulikana. Mzee akamwangalia kwa muda halafu akatangulia, tukamfuata katikati ya michikichi mpaka kwenye kijiinuko chenye mawe matatu na nyasi fupi, akasema, "Nililikuta nilipopewa hapa. Sijawahi kupitisha jembe." Miaka zaidi ya thelathini alikuwa akilima akifika pale anazunguka, na kwenye nchi ambayo kila hatua ya udongo ni mlo wa mtu.

Baada ya hapo ndo mazungumzo yakaanza. Walikaa wale bashingantahe, ndo wazee wetu wa kusuluhisha kesi, wakaja wazee wa kilima, yaani wa kitongoji, yakachukua miezi na kuna siku tulirudi nyumbani hatusemezani, sitaki mtu adhani ilikuwa rahisi. Mwisho wakakubali kugawana nusu kwa nusu. Siku ya kugawa tulihesabu michikichi 118, mama akachana kitenge chake cha bluu vipande vipande, tukawa tunafunga kwenye shina la kila mti unaokuja kwetu. Mzee ndo alikataa tusihesabu mashina peke yake, akasema kuna mistari imezeeka haizai kitu, hesabuni mikungu, msije mkasema niliwapa magogo. Upande wenye kaburi ukaja kwetu, upande wenye nyumba ukabaki kwake. Tangu siku ile mimi namwita baba mkubwa, na alipofariki nilibeba jeneza.

Najua kuna ndugu zangu wa Mishamo na Katumba watakasirika na hili ninalosema sasa lakini naliamini: kugawana ndo ilikuwa njia. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliyoanzishwa 2006, mwanzoni ilihimiza sana watu wagawane. Baadaye kuanzia kama 2011 msimamo ukageuka, ikawa aliyekimbia arudishiwe lote, na kesi zilizokwisha zikaanza kufunguliwa upya. Kwa haki ya karatasi naelewa kabisa, baba hakuuza shamba, alikimbia panga. Lakini yule aliyekuta amepewa na serikali akiwa naye maskini, akapanda miti kwa mikono yake, akazeeka hapo, unamtoa unampeleka wapi? Jamaa walimjia baba wakamwambia sasa unaweza kuchukua upande wote, fungua tu faili. Baba akawauliza, nikichukua na huo, nani atakuja kunizika? Basi, hakufungua faili lolote.

Na hapa nataka mnielewe vizuri maana ndo kiini cha maneno yangu yote. Madhara ya kufungua upya kesi hayakuishia kwa wale waliokuwa mahakamani, yaliingia kwenye kila shamba. Hata aliyegawana kwa amani akaanza kujiuliza kama ile karatasi ya wazee wa kilima ina nguvu yoyote. Michikichi ya zamani ikawa inazeeka, inafika juu mpaka mkweaji anaogopa, na hakuna anayeing'oa kupanda mipya maana ukiing'oa unapoteza ushahidi kwamba ulikuwepo hapo. Kuna watu nimewaona kwa macho yangu wanalinda magogo yasiyozaa kisa ndo hati yao.

Halafu 2015 machafuko tena. Watu zaidi ya laki nne walikimbia kwa miaka ile, wakajaa kambi za Tanzania, Nyarugusu, Nduta, Mtendeli, na wengine walikuwa hawajamaliza hata miaka kumi tangu warudi. Walioondoka na miche yao imefika magotini nawajua. Sasa mtu amepanda akakimbia, amerudi akakuta mwingine anavuna, unamletea mche bure unasema pokea ujikwamue kiuchumi. Lazima akuangalie tu.

Sisi tulibahatika, na bahati yenyewe ilikuwa karatasi. Sheria ya ardhi ya 2011 iliruhusu ofisi za ardhi za komine, ndo kama wilaya kwetu, kutoa cheti cha shamba, na mimi na watoto wa baba mkubwa tuliamua kwenda pamoja siku moja, pande zote mbili, majirani wote wa mipaka tumewabeba, ili asije mtu akasema alikuwa hayupo. Tulizunguka sana, leo aliyepaswa kusaini hayupo, kesho wapimaji hawana mafuta, na kila ukienda ni siku nzima ya jembe imepotea. Ila tulipokipata kile cheti, sikilizeni, msimu huohuo wa mvua tulichimba mashimo. Hakuna mtu wa mradi aliyekuja kutuhamasisha wala semina tuliyokaa. Tuling'oa ile mistari iliyokufa pande zote mbili, tukanunua miche ya tenera kwa hela yetu.

Leo tunakamua pamoja. Mashine ni ya kuzungusha kwa mikono na mapipa mawili tuliyanunua kwa kuchanga. Mikungu ikikatwa tunailundika siku kadhaa mpaka chikichi zilegee, akina mama wanapukuchua, inachemshwa usiku kucha kwenye pipa lililofunikwa kwa majani ya migomba, na moto wenyewe tunachochea na makapi ya mkamuo uliopita. Saa tisa usiku harufu yake inafika barabarani. Yanayotoka mwanzo ni maji na povu, halafu yanakuja yale mekundu mazito, yanapikwa tena mpaka yaache kulia, ndo yanaingia kwenye mabido, yaani madumu. Mise, zile kokwa za ndani ya chikichi, inabaki kwa akina mama, wanaianika, wanaigonga, mafuta yake wanauza kwa watengeneza sabuni na hela hiyo wanaume hatuigusi, tulikubaliana hivyo toka mwanzo na mimi naona ndo uamuzi bora kuliko yote tuliyofanya. Shida ni nyingi bado. Bujumbura ni kilomita sabini na kitu tu kutoka Rumonge lakini petroli ikikosekana, na imekosekana sana miaka hii, bido linaweza kukaa siku kumi linasubiri gari, dalali akija anajua umebanwa anakupangia bei. Hilo nalo lina makala yake.

Ila kuna watu cheti hawakipati hata wafanyeje, na ndo nataka nimalizie kwao. Wa kwanza ni wale waliorudi hawakujua hata shamba la wazazi lilikuwa wapi, wakawekwa kwenye vijiji vya amani kama Mutambara, nyumba wakapewa na udongo wa kulima ni mdogo mno. Wa pili ni wanawake. Nchi hii haina sheria ya mirathi ya ardhi, mambo yanaendeshwa kwa mila, na kwa mila shamba ni la wanaume. Mjane analima miaka yote, mume kafa vitani, na siku shemeji akiamka vibaya anaambiwa arudi kwao. Kwao nako kaka zake wanamwambia wewe uliolewa. Huyu ndo tunamwita mvivu kwa sababu hajachimba shimo?

Kwa hiyo mimi nawaomba wenye miradi, na viongozi wetu pia kama kuna anayesoma, mbadilishe mpangilio. Hela ya viriba na ya semina za ujasiriamali, anzeni nayo kulipia upimaji na vyeti, vijiji vizima kwa mkupuo mmoja ili mkulima asipoteze siku kumi kwenye korido. Makubaliano ya kugawana ambayo watu walishayafikia wenyewe yasiguswe tena na mtu yeyote, yaandikwe kwenye cheti yalivyo. Na jina la mwanamke anayelima liwe kwenye karatasi. Mkishafanya hayo leteni miche, na hata msipoileta tutainunua.

Jana jioni nilipita kwa yule mama. Ile miche 20 imebaki minne, ameihamishia nyuma ya jiko kwenye kivuli, kila siku anaimwagia maji ya kuoshea vyombo. Nikamuuliza kama niitafutie mtu wa kuichukua kabla haijafa yote. Akaniambia, "Iache kwanza mwanangu, shemeji alisema baada ya mavuno tutakaa tuongee." Mavuno ya maharage yaliisha mwezi uliopita.