Salamu kwenye hadithi: zikatwe au zibaki?

Mhariri wa hadithi fupi akikutana na tukio linaloanza na "Hodi!", mara nyingi anafuta mpaka pale jambo lenyewe linapoanza. Ana hoja. Hadithi ya maneno 2,000 inabeba matukio manne au matano, kila moja maneno 400 hadi 500 hivi. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba, za nyumbani, watoto hawajambo, chai au maji: maneno 60 hadi 80 yameshakwenda, na bado hatujaona anayetaka kitu wala anayemzuia asikipate. Anayesoma kwenye simu hasubiri hapo.

Wanaotetea salamu wanasema huku Dodoma mtu mzima haingii kwenye shida yake moja kwa moja. Ukizikata, wahusika wanabaki wakavu, utadhani wanaongea dirishani benki. Ni kweli, ila utetezi huu huficha uvivu mwingi. Watu hukohoa na kukuna vichwa pia, na hatuandiki kila kikohozi. Kipimo ni chepesi: futa salamu, kisha soma mstari unaofuata. Kama hakuna mhusika aliyepungukiwa na kitu, ilistahili kufutwa.

Tuchukue Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma, msimu wa zabibu. Mzee amekaa kivulini, kreti zake zimejaa. Kijana mnunuzi ameshuka kwenye pikapu. Zabibu zikishavunwa, kwenye joto lile siku chache tu zinaanza kulainika na kutoa maji, na wote wawili wanalijua hilo. Shinikizo liko tayari kabla mtu hajafungua mdomo. Mwandishi akianza na mistari minane ya hali ya mvua na afya ya familia, analipoza. Lakini angalia hii:

"Hizi zimekatwa lini?"

Mzee akaitazama pikapu, kisha viatu vya kijana.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Shikamoo, mzee. Zimekatwa lini?"

"Marahaba. Jana."

Salamu hapa ndiyo mvutano wa kwanza wa bei. Kijana amenyimwa jibu mpaka atoe heshima. Ameitoa haraka, kisha akarudia swali lilelile. Mzee kashinda raundi hiyo, halafu "jana" ikamrudisha nyuma, maana mzigo wa jana unamtaka auze leo. Ukifuta salamu hapo, tukio linabaki na swali na jibu tu. Badili kidogo: kijana aseme "Mbukwenyi", salamu ya Wagogo, wenyeji wa Dodoma. Sasa mzee lazima aulize huyu ni wa kwa nani, na bei itaanza kupita kwenye undugu, wa kweli au wa kujipendekeza. Neno moja la Kigogo limefanya kazi ya aya nzima ya maelezo.

Tatizo linakuja mwandishi akinogewa, kila tukio likawa na mtu anayegoma kuamkia. Mara ya tatu msomaji ameshaizoea hila. Mara moja, mbili kwa kuzidi, katika hadithi nzima. Kwingine "Walipokwisha kusalimiana" inatosha kabisa.

Upande wa mwisho wa tukio, sikubaliani na wahariri hata kidogo. Kanuni yao ni kutoka mapema: mgeni akisimama kuaga, kata. Lakini kwetu mgeni husindikizwa, na neno lililomleta mara nyingi hutoka hukohuko nje, mbali na masikio ya waliobaki ndani. Saa nzima ya chai ilikuwa ya kulizunguka tu neno hilo. Mwandishi anayekata mlangoni amebaki na chai, ombi amelitupa.

Kinachofaa kukatwa ni katikati. Mpe mgeni mistari mitatu ya kuingia, mmoja unaoonyesha kwamba hajasema alichojia (chai imepoa, hajainywa), kisha ruka hadi nje. Safari ya kusindikizana iwe na kikomo kinachoonekana, kwa mfano kijiwe cha bodaboda, ili mgeni ajue asipozungumza kabla ya pale basi tena. Mistari kumi ya mazungumzo inatosha: mitano ya kujizungusha, mmoja wa ombi, iliyobaki ya mwenyeji kukwepa. Kata kabla hajajibu. Jibu likitoka palepale kwenye bodaboda, tukio linalofuata halina pa kuanzia, na utajikuta unaliokoa kwa kuleta mgeni mwingine anayepiga hodi.