Bahasha ya shukrani imefika, mshahara bado

Naandika hii saa kumi na moja kasoro alfajiri, usingizi hakuna, na sababu ya kukosa usingizi nitaifikia, ina manyoya. Ila chanzo ni bahasha.

Bahasha ilikuja Alhamisi. Natoka zangu kazini sijavua hata soksi, Neema ananikabidhi kwa mikono miwili, baba hii imeletwa na mama wa jumuiya. Ya kaki, ina picha ya mshumaa, juu namba yangu ya ahadi 214, ambayo naikumbuka kuliko namba ya kitambulisho cha taifa maana ndo wanayoisomea madeni ya jengo. Chini yake, Namshukuru Mungu kwa mwaka huu kwa ajili ya, nukta nukta nukta mpaka ukingoni, mistari mitatu mizima. Chini kabisa, Kiasi. Irudi Jumapili.

Sasa mi si mpagani. Nimebatizwa, nina kipaimara, nimefunga ndoa kanisani tena kwa kamati. Lakini kumuuliza mtu wa Dar anashukuru nini Desemba hii ni sawa na kumkuta mtu anasukuma gari lililozimika ukamuuliza safari njema? Joto tu hili, unaoga unatoka bafuni unajikuta huna uhakika kama umejifuta. Fundi cherehani ana vitambaa vya watoto tangu Novemba, kila nikipita ananionyesha mkono mmoja wa shati, ule ule. Majirani wa Moshi wameshapanda mabasi, mtaani tumebaki sisi tusio na migomba. Nimeunganishwa kwenye grupu la michango usiku nimelala, kipaimara cha mtoto ambaye hata babake simjui vizuri. Meseji za ndugu ndo usiseme, anko shikamoo, tunakutakia Krismasi yenye baraka, usitusahau, na uweke ya kutolea. Yaani hata ya kutolea wameshaifikiria!

Na kazini tumepewa kalenda. Kalenda ya ukutani. Kila mwezi una picha ya mkurugenzi, kwahiyo Januari ile ya ada, sare na kodi ya miezi mitatu nitakuwa naangaliana naye uso kwa uso.

Mchungaji alikuwa ameshatuandaa Jumapili ya nyuma. Kasoma Wathesalonike wa kwanza 5:18, shukuruni kwa kila jambo, akanyamaza, akarudia, kwa KILA jambo, akaniangalia mimi, au nilihisi. Akahamia Luka 17, wakoma kumi wameponywa wote, karudi mmoja kushukuru, tena Msamaria, na Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Kanisa zima likaguna kuwasikitikia wale tisa. Mi nilikaa kimya. Jamani wale watu walikuwa wametumwa kwa makuhani wakakaguliwe, hiyo ni ofisi, na ofisi mnazijua. Labda walikuta foleni. Labda wameambiwa nendeni mkalete barua ya serikali ya mtaa.

Nikamwambia mke wangu nisaidie, niandike nini. Akasema andika uzima. Kila mwaka tunaandika uzima. Mhasibu wa usharika akifungua hizo bahasha anakutana na uzima, uzima, uzima, ametupatia uzima, mpaka yeye mwenyewe nadhani anaanza kuumwa. Nikasema mwaka huu naandika kitu cha kweli au narudisha tupu. Mke akasema sawa mtu wa kweli, wakati unafikiria, Jumamosi ukitoka kazini pitia Shekilango ulete jogoo, mama anakuja sikukuu na kuku wa kisasa hali.

Basi. Jumamosi nusu siku, nimechomekea, viatu nimepiga kiwi, beji ya kazini bado shingoni, naingia soko la kuku Shekilango. Kijana ananiambia mkubwa huyu arobaini na tano, wa Singida huyu, kanyagia. Jogoo mwekundu, shingo ndefu, ananiangalia kwa jicho moja kama nina deni lake. Tumevutana mpaka thelathini na tano, kumbe mfukoni nimebakiwa na nauli na mia tatu. Mia tatu kamili. Kafungwa miguu, kaingizwa kwenye salfeti ya mchele, kichwa kimetolewa nje kwenye tundu ili apumue, nikajikokota naye mpaka Ubungo kusubiri gari la Mbagala.

Nimesubiri pale mpaka nikaanza kumfikiria Yusufu. Sikutanii. Sisi sensa ya 2022 karani alitufuata mlangoni na kishikwambi, tukamtolea kiti, tukahesabiwa tumekaa. Yusufu kaambiwa hesabu iko kwenu, toka Nazareti mpaka Bethlehemu, ni kama utoke hapa upite Chalinze na bado hujafika, na mchumba mjamzito, na yule punda tunayemchora kwenye kadi hata hayumo kwenye Luka, tumemwongeza wenyewe kwa huruma. Wamefika, vyumba vimejaa. Angalau hawakuulizwa kodi ya miezi sita.

Gari likaja, watu wakapita madirishani, mi nikapita mlangoni kwa heshima yangu na nikapata siti ya dirishani, muujiza wa kwanza. Salfeti nikaisukuma chini ya siti. Pembeni kakaa mama mmoja ana dera la njano jipyaa, bado lina mikunjo ya dukani.

Tunafika External konda anaanza kukusanya, mara kutoka chini, kokoko. Konda kasimama. "Oya, kuna kuku humu? Kuku buku. Kuku analipiwa, ana nafasi yake. Wa nani?"

Buku. Mi nina mia tatu. Nikaangalia nje. Konda kanigusa bega, mzee, wa kwako? Na mi kwa sauti ile ya kupokelea simu ofisini nikasema, "Hapana kijana." Hapana kijana! Wala sikupanga, ilitoka yenyewe.

Tabata Relini tumesimama kabisa, jasho linatiririka mgongoni, jogoo kaamua kumdonoa mama wa dera kisigino. Mama karuka. "Yesu na Maria! Baba, huyu kuku si wako? Mbona yuko miguuni kwako?" Nikamwambia mama, mimi nimetoka ofisini, nikaishika na beji kabisa nimwonyeshe, mtu wa ofisini nitoke wapi na kuku? Mama kaniangalia suruali. Suruali nyeusi, manyoya mekundu mpaka magotini. Petro walimjua kwa usemi wake, mi nimejulikana kwa manyoya.

Buguruni wakapanda wengine, likajaa vile ambavyo ukitaka kujikuna unajikuna wa jirani. Nikawa nasali, na niwe mkweli, nilikuwa namwomba Mungu anyamazishe kuku, na wakati huo huo namlaumu kwa nini mshahara haujaingia, na namkumbusha kwamba bahasha yake bado ninayo. Tazara, chini ya flaiova, taa zikatukamata. Konda kapiga kelele toka mlangoni, "Jamani kuku hana mwenyewe huyu? Nauliza mara ya mwisho! Kama hana mwenyewe, sikukuu yangu imenifuata!" Gari zima likacheka. Hapo ndo ilikuwa pa kusema. Elfu thelathini na tano ile! Mama mkwe anakuja! Nikafungua mdomo, na Mungu ni shahidi nilitaka kusema ni wangu, ila siti ya nyuma ikasikika sauti naifahamu, "Bwana asifiwe Baba Neema! Si umepanda naye Ubungo huyo kuku, nilikuona." Mama wa kwaya. Sauti ya kwanza, ile inayosikika mpaka nje ya kanisa. Watu wamenigeukia wote, aibu imenipanda mpaka masikioni, badala ya kukiri nikapandisha sauti, "Mama, haki ya Mungu nakuapia, huyu kuku mi simjui!"

Jogoo akawika.

Hakuwika kidogo. Amewika kwa kifua chote, salfeti imetetemeka, mtoto mchanga kaamka huko mbele. Alafu ukimya. Gari la Mbagala, watu wamebanana hivyo, kimya, unasikia injini tu. Konda kanisogelea taratibu kabisa, kaniinamia kama daktari anayeleta majibu mabaya. "Mzee. Mi ni wa Ijumaa, lakini hiyo stori naijua. Hiyo ilikuwa ya tatu."

Wamecheka mpaka dereva kazima gari. Mama wa dera analia machozi, mama wa kwaya kajifunika uso na kitambaa cha kichwa, kuna mzee alikuwa ananipigapiga mgongoni anasema pole baba, hata Petro alisamehewa akapewa na kondoo wa kuchunga. Mi hata sikuwa na pa kutazama. Nikasema ni wangu. Nikasema sina buku, nina mia tatu, mshahara bado, mnajua hali ilivyo, mama mkwe anakuja, nimechoka jamani. Na hapo sauti ikanikatika kweli, na waliokuwa wanacheka wakaacha kidogo.

Tungeishia hapo ningeshukuru. Nashuka Zakhem, navuta salfeti, salfeti imechanika yote na kamba ya miguu ilikwisha legea zamani, jogoo huyoo Kilwa Road. Kavuka barabara, kaingia njia ya mwendokasi, anatembea katikati kifua mbele kama yuko kwenye msafara. Mi nimeganda. Aliyeruka wa kwanza ni konda. Kamwachia dereva gari barabarani, kakimbia na kandambili, abiria watano sita nyuma yake, bodaboda wameacha kijiwe, watu wanaelekezana mzibe kule, mzibe kule! Aliyemkamata ni mama wa dera la njano, kavua mtandio akamrushia kama wavu. Kanirudishia akiwa anahema, lile dera jipya limepata mchirizi pembeni, akasema shika kuku wako baba, na safari hii mjue.

Konda kanyoosha mkono, buku yangu. Nikampa mia tatu. Kaihesabu, ndiyo, mia tatu kaihesabu, akasema, "Mia saba inayobaki kamtolee Mungu wako, mi nitamuuliza." Akarukia mlangoni, twende.

Nimetembea mpaka nyumbani. Umeme hakuna, unit zimeisha, mke ameketi nje na kibatari. Nikamsimulia, akacheka mpaka akashika mbavu, mara ya kwanza kumwona hivyo tangu, sijui tangu lini. Nikachukua bahasha. Mstari wa kwanza nikaandika konda wa gari la Mbagala. Wa pili, mama wa dera la njano, na samahani ya dera. Mke anasema hayo mambo yatasomwa kanisani, nikasema yasomwe.

Mstari wa tatu nikabaki nao. Neema alikuwa kalala pale kwenye mkeka kwa sababu ya joto, mguu mmoja nje. Nikakumbuka mwezi wa nne. Siku sita wodini, homa haishuki, mi kwenye benchi la nje usiku namwahidi Mungu vitu ambavyo sina, nikamwahidi hadi kiwanja. Siku ya saba daktari kasema mchukueni. Nikambeba mgongoni nikatoka pale moja kwa moja kutafuta gari, sikugeuka. Miezi minane imepita na wale tisa nawasikitikia au siwasikitikii sijui.

Nikaandika, Neema. Mke kauliza Neema ipi, mtoto au ile ya Mungu, nikamwambia mistari imeisha. Kwenye Kiasi nimeandika 700, akaguna, akaniongezea elfu tano ya kikoba, anasema tusijiaibishe. Mia saba yenyewe nimeikopa kwa Neema kwenye kibubu, asubuhi nitamweleza.

Alafu nimelala. Saa tisa na nusu jogoo, kafungwa kwenye mguu wa tanki la maji, kawika. Saa kumi kawika. Saa kumi na robo kajibiwa na jogoo wa Mbagala yote. Na mkataba wetu wa nyumba, ukurasa wa pili, hauruhusu mifugo, nimeusoma sasa hivi kwa tochi ya simu.

Ngoja, kuna mtu anagonga. Ni kikohozi cha mwenye nyumba hicho, nakijua. Anauliza kwa nje, "Baba Neema, habari za kulala. Huyo kuku ni wa nani?"

Nimemwangalia mke wangu, mke wangu anaangalia dari.